Santuri Nne Mbele ya Askari

Askari afundishwapo kulinda lindo la usiku, jambo la kwanza aambiwalo ni kusikiliza. Gizani macho humdanganya mtu, akaona adui mahali palipo na kisiki. Lakini sikio lililofunzwa hutenga mlio wa tawi lililovunjwa na upepo na mlio wa tawi lililokanyagwa na mguu. Ndugu wasomaji, twaanza na neno hili kwa kuwa makala yetu ya leo yahusu kusikiliza, ijapokuwa si kusikiliza nyendo za adui. Yahusu santuri, na namna ya kuzipima.

Katika mesi yetu tumejiwekea desturi. Kila Ijumaa jioni, wale wasio na zamu hukutana, albamu moja ya muziki wa ng'ambo ikapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mara nyingi muziki wenyewe hutoka katika simu iliyounganishwa na spika, wala hakuna sahani inayozunguka. Hata hivyo sisi tumeshikilia jina la zamani, twaita santuri. Sharti ni moja: hakuna kuongea wala kuruka wimbo. Muziki ukisha, kila aliyehudhuria hutoa hukumu yake, kuruta sawa na sajinimeja.

Juma moja afisa mkuu mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alitusikia tukijadiliana, akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Nyimbo nyingi mnazozisifu zinalia juu ya vita. Je, nyimbo za namna hiyo hazimlegezi askari?" Tulimwahidi kwamba tutamjibu katika ukurasa huu. Kwa ajili hiyo tumechagua albamu nne za aina nne, yaani jazi, roki, ile roki nzito iitwayo metali, na muziki wa okestra wa Ulaya. Kila moja imeguswa, kwa njia moja au nyingine, na askari wa jeshi au wa polisi.

Vipimo vyetu ni vitatu, navyo havina tofauti kubwa na ukaguzi wa silaha. Cha kwanza ni uwazi wa sauti: je, kila chombo chasikika mahali pake? Cha pili ni nidhamu: je, wapigaji wanasikilizana, au kila mmoja anajipigia mwenyewe? Cha tatu ni ukweli: je, msanii ana neno la kusema, au anajaza nafasi tu?

Jazi: Kind of Blue

Katika nchi zetu neno jazi lina maana yake. Tukisema OK Jazz ya Kinshasa, iliyoundwa mwaka 1956, au Polisi Jazz na Mwenge Jazz za ndugu zetu wa Tanzania, twamaanisha bendi ya magitaa na tarumbeta inayowainua watu kucheza. Jazi ya Wamarekani weusi ni ndugu wa mbali wa muziki huo. Katika jazi hiyo wimbo huwa kama njia panda: wapigaji huufuata pamoja kwa muda mfupi, kisha kila mmoja kwa zamu hubuni lake papo hapo, wenzake wakimbeba.

Albamu ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue ilinaswa kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya kampuni ya Columbia mjini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Ina nyimbo tano, nazo hazizidi dakika 46. Davis, mpiga tarumbeta, hakuwapa wenzake muziki ulioandikwa wote. Aliwapa michoro mifupi ya ngazi za sauti na kuwaambia wapige. Nao hawakuwa watu wadogo: John Coltrane na Cannonball Adderley katika saksafoni, Bill Evans katika piano, ambaye katika wimbo mmoja alimpisha Wynton Kelly, Paul Chambers katika besi na Jimmy Cobb katika ngoma. Coltrane mwenyewe aliwahi kuwa askari. Alitumikia jeshi la majini la Marekani mwaka 1945 na 1946, akapiga muziki katika bendi ya wanamaji huko Hawaii.

Kiongozi wa doria aliye hodari hamwelezi koplo wake kila hatua ya mguu. Humwambia lengo, mipaka, na saa ya kurudi, mengine humwachia. Hivyo ndivyo Davis alivyofanya, na ndiyo sababu twaipa albamu hii alama zote katika kipimo cha nidhamu. Hakuna anayempigia mwenzake kelele. Davis mwenyewe hupiga sauti moja, akanyamaza, nasi tukabaki tukisubiri ijayo.

Katika kipimo cha uwazi wa sauti, hata hivyo, kuna kisa cha kumfunza kila mtunza ghala. Mashine iliyonasa kazi ya siku ya kwanza ilikuwa ikienda polepole kuliko ipasavyo. Matokeo yake ni kwamba nyimbo tatu za upande wa kwanza, zilipopigwa katika mashine iliyo sawa, zilitoka juu kidogo kuliko zilivyopigwa na wenyewe. Wanafunzi wa muziki waliojaribu kuzifuata kwa vyombo vyao walisumbuka, wakidhani kasoro ni yao. Kosa hilo lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992, yaani baada ya miaka 33. Chombo kisichokaguliwa humsingizia mtu asiye na hatia.

Albamu ilitoka tarehe 17 Agosti 1959. Siku nane baadaye, usiku, Davis alitoka nje ya klabu ya Birdland mjini New York, alimokuwa akipiga muziki, akamsindikiza mwanamke mmoja Mzungu hadi kwenye teksi, kisha akabaki kando ya barabara kupunga upepo. Askari polisi alimwamuru aondoke. Akajibu kwamba anafanya kazi humo na jina lake limeandikwa pale nje. Ugomvi ukazuka, naye akapigwa rungu kichwani hadi damu ikatapakaa katika koti lake, akatiwa mbaroni. Baadaye mashtaka yote yaliondolewa mahakamani.

Tulipokieleza kisa hiki mesini, palikuwa na mgeni wetu, koplo wa polisi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Afande, kuinua macho tu, akasoma lile jina." Hatukuona haja ya kuongeza neno.

Roki: Band of Gypsys

Mwezi Mei 1961 kijana mmoja wa Seattle, mwenye umri wa miaka 18, aliingia jeshi la Marekani, akapelekwa katika Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli huko Fort Campbell, Kentucky. Kijana huyo alikuwa Jimi Hendrix. Hatutawaficha wasomaji: hakuwa askari mwema. Wakubwa wake waliandika kwamba fikira zake zote zilikuwa katika gitaa, na mwaka 1962 akaachishwa jeshi. Yeye mwenyewe alipenda kueleza kwamba aliumia kifundo cha mguu alipokuwa akiruka kwa mwavuli. Lakini kambini humo ndimo alimosikiwa akipiga gitaa na askari mwingine, Billy Cox, mpiga besi, wakawa marafiki.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970 na usiku uliofuata, Hendrix, Cox na mpiga ngoma Buddy Miles walipiga muziki mara nne katika ukumbi wa Fillmore East mjini New York. Kazi ya tarehe 1 Januari ndiyo iliyotolewa kuwa albamu ya Band of Gypsys, mwezi Machi mwaka ule. Ndani yake umo wimbo wa zaidi ya dakika 12 ambao jina lake, kwa lugha yetu ya kambini, ni Bombomu. Kabla ya kuupiga, Hendrix aliutoa kwa heshima ya askari: waliokuwa wakipambana katika miji ya Marekani, na waliokuwa wakipigana Vietnam.

Sisi tuliowahi kusikia bombomu halisi ni wagumu kuridhika na sauti za kuigiza. Lakini Miles anapoanza kuzipiga ngoma kwa mipigo mifupi iliyobanwa, na Hendrix akajibu kwa gitaa linalolia kama kitu kinachoanguka kutoka angani, mesi yote ilinyamaza. Kuna mahali gitaa hushika sauti moja ya juu na kukataa kuiachia. Hapo kuruta mmoja aliinamisha kichwa kama afanyavyo mtu aliye katika handaki. Hakuagizwa na mtu. Kwa kipimo cha ukweli, wimbo huu hauna mpinzani.

Haki yataka tuseme na ubaya wake. Albamu hii ilitolewa ili kumaliza ugomvi wa mkataba wa kibiashara, na alama ya haraka hiyo inaonekana. Upande wa pili, hasa mahali Buddy Miles anapoimba na kurudia yale yale, unarefuka kupita kiasi. Wenzetu wawili walichungulia saa zao. Anayetaka kuijua nguvu yake na asikilize upande wa kwanza, kisha apumzike.

Metali: Paranoid

Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Siku hiyo hiyo nchini Uingereza ilitoka albamu ya pili ya Black Sabbath, iitwayo Paranoid. Wanne hao walikuwa vijana wa familia za wafanyakazi mjini Birmingham, mji wa viwanda: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa ngoma. Sauti yao nzito na ya polepole, iliyo kama nyundo ya kiwandani, ndiyo iliyowafanya wengi wawaite baba wa muziki wa metali.

Jina walilolitaka kwa albamu lilikuwa la wimbo wake wa kwanza, War Pigs, unaowashutumu wakubwa wanaowasha vita nao wakibaki mbali na risasi. Kampuni iliteua jina jingine, la wimbo uliotungwa upesi mwishoni ili kujaza nafasi iliyobaki. Na wimbo huo wa kujaza nafasi ndio uliowapatia jina. Picha ya jalada, mtu mwenye upanga na ngao, ilibaki ya jina la kwanza, nayo haihusiani na la pili. Umo pia wimbo wa Hand of Doom, uliotokana na habari walizozipata kwa askari wa Marekani waliorudi Vietnam wakiwa watumwa wa heroini. Mwaka 1970 si wengi waliothubutu kulisema hilo.

Tulipomaliza, maoni yaligawanyika. Wazee wa mesi walisema ni kelele. Vijana walisema ni kwata, kwa sababu gitaa na besi hukanyaga pamoja bila mmoja kumtangulia mwingine. Sisi tuliungana na vijana katika jambo la nidhamu, na wazee katika jambo la sauti, kwani spika yetu ndogo haikuweza kuubeba uzito ule, ikakwaruza.

Lakini usiku ule jambo kubwa lilikuwa historia ya mkono wa Iommi. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bati. Siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na kile cha pete. Kwa kuwa anapiga kwa kushoto, mkono huo ndio unaobana nyuzi za gitaa. Alikata tamaa. Ndipo msimamizi wake wa kiwandani alipomletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, akamlazimisha kuisikiliza. Kisha akamweleza kwamba mpigaji huyo aliungua mwaka 1928, vidole vyake viwili vikaharibika, na muziki anaousikia aliupiga baada ya ajali. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akaanza upya. Alitafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zaidi ili zisimuumize, na ulegezaji huo ukaizidisha sauti yake uzito. Black Sabbath walipiga onyesho lao la mwisho Birmingham tarehe 5 Julai 2025, naye alikuwapo jukwaani. Osbourne alifariki siku 17 baadaye.

Katika mesi yetu yumo sajini aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kikosi. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwa bomu lililotegwa ardhini, na tangu siku ile tarumbeta ilirudishwa ghalani, naye hakutaka hata kusimama karibu na bendi siku za gwaride. Jioni ile aliuliza mara mbili, "Alisema chupa ya sabuni?" Kisha akatoka nje.

Okestra: War Requiem

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji wa Coventry, Uingereza, na kanisa kuu lake la kale likateketea. Baada ya vita lilijengwa jipya kando ya magofu, na kwa uzinduzi wake Benjamin Britten alitunga War Requiem, yaani misa ya wafu wa vita, iliyopigwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962. Maneno yake ni ya namna mbili. Kwaya na mwimbaji mwanamke huimba sala za Kilatini. Wanaume wawili huimba mashairi ya Wilfred Owen, afisa wa Kiingereza aliyepewa nishani ya ushujaa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 alipokuwa na umri wa miaka 25. Simu ya kifo chake ilimfikia mama yake tarehe 11 Novemba, siku vita vilipokoma.

Britten alitaka waimbaji watatu watoke mataifa matatu yaliyoumizana. Mwingereza alikuwa Peter Pears. Mjerumani alikuwa Dietrich Fischer-Dieskau, ambaye alipigana katika jeshi la Ujerumani akatekwa Italia mwaka 1945. Mrusi alikuwa Galina Vishnevskaya, aliyenusurika mzingiro wa Leningrad akiwa msichana. Wakuu wa Kisovieti walimkatalia ruhusa ya kwenda Coventry, na nafasi yake ikachukuliwa na Heather Harper. Ilikuwa Januari 1963, katika ukumbi wa Kingsway mjini London, ambapo watatu hao walikutana na kunaswa na kampuni ya Decca, Britten mwenyewe akiongoza.

Santuri hii ni ndefu, kiasi cha dakika 80, nayo haifai kupigwa watu wakila. Uwazi wake ni wa ajabu: kwaya kubwa iko mbele yako, askari wawili wako karibu kana kwamba mmeketi handaki moja, na watoto wanaimba kwa mbali, kama mtu asikiavyo shule ya kijiji akiwa mlimani. Mwishoni askari wawili waliokuwa maadui wanakutana baada ya kufa, na muuaji na aliyeuawa wanazungumza bila ghadhabu. Anayeimba sehemu ya aliyeuawa ni Fischer-Dieskau, aliyewahi kuvaa sare ya Ujerumani. Anayeimba sehemu ya mwenzake ni Mwingereza.

Hatuna budi kusema kwamba Britten na Pears walikataa kushika silaha katika Vita Kuu ya Pili, kwa imani yao kwamba kuua ni haramu. Sisi tulioapa kulinda nchi hatuwezi kukubaliana nao kwamba silaha haina mahali kabisa. Lakini mwenye maneno katika kazi hii, Owen, hakukaa nyumbani. Alipelekwa Uingereza kutibiwa mshtuko wa vita, na alipopona akarudi mstari wa mbele mwaka 1918, akawaongoza askari wake hadi alipouawa. Aliyaandika maombolezo yale, na zamu yake hakuiacha.

Jibu letu

Na hapo ndipo tunapopata jibu la swali tuliloulizwa. La, afande, nyimbo hizi hazimlegezi askari. Sisi kazi yetu ni kulisemea jeshi mema, nasi tunaijua vizuri tofauti ya tangazo na ukweli. Nyimbo zinazosema kwamba vita ni sherehe zimewatangulia vijana wengi hadi kituo cha garimoshi, zikawaacha hapo. Askari aliyeambiwa uongo huo huvunjika siku ya kwanza ya damu, au hugeuka katili. Yule ambaye amesikia bei ya risasi hufikiri kabla ya kufyatua, na akiamriwa kwa haki, hufyatua akijua anachokifanya. Rungu lililoanguka nje ya Birdland halikushikwa na mtu aliyezoea kusikiliza.

Basi kwa wale watakaopenda kuanzisha desturi hii katika vikosi na vituo vyao, ushauri wetu ni mfupi. Anzeni na Kind of Blue, kwa kuwa haimchoshi mtu. Chagueni spika kubwa kidogo kuliko yetu. Pigeni albamu nzima, mkae kimya, na mdogo wa cheo azungumze kwanza, maana mkubwa akitangulia, wote watakubaliana naye. Msiogope kusema santuri fulani ni mbaya, mradi mtoe sababu.

Tumalizie na habari ya ghalani. Jumatatu iliyofuata ile jioni ya Paranoid, daftari la vyombo vya bendi lilionyesha kwamba tarumbeta moja imetolewa, na sahihi ilikuwa ya sajini wetu. Anajifunza upya kwa mkono wa kushoto, nyuma ya jiko, saa ambayo watu wengi hawapo. Sauti bado inakwaruza, na wimbo ni ule ule mmoja wa kushusha bendera. Wapishi wamelalamika mara moja. Tumewaomba wavumilie.